Teknolojia ya Bahari na Uvuvi: Somo Jipya la Sekondari ya Juu na Mambo Ambayo Mzazi Anapaswa Kuyafahamu

Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na kwa hatua hiyo Sekondari ya Juu ikaanza rasmi nchini Kenya chini ya mfumo wa 2-6-3-3-3. Miongoni mwa masomo ambayo wanafunzi hao wanaweza kuyachagua limo moja ambalo halikuwahi kupewa nafasi yake lenyewe katika shule za upili za mfumo wa 8-4-4, nalo ni Teknolojia ya Bahari na Uvuvi. Wazazi wengi wamelisikia likitajwa katika orodha ndefu pamoja na urubani, ujenzi, umeme na useremala, wakalipita. Makala haya yanaeleza somo hilo liko wapi katika mtaala, linahusu nini, na ni mambo gani yanayolifanya lifae au lisifae katika shule fulani.

Sekondari ya Juu ina mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mkondo wa STEM umegawanywa katika sayansi asilia, sayansi tekelezi na masomo ya kiufundi. Teknolojia ya Bahari na Uvuvi imo katika kundi hili la mwisho. Kila mwanafunzi husoma masomo ya lazima, yaani Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii, kisha huongeza masomo matatu ya kuchagua kulingana na mkondo wake. Kwa hiyo anayechagua somo la bahari hawi ameyaacha masomo mengine. Amelipa nafasi moja kati ya tatu. Nafasi mbili zinazobaki ndizo zinazohitaji kutafakariwa sana, na tutarejea kwazo.

Bahari iliyokuwa imetawanywa

Si kwamba bahari haikufundishwa hapo awali. Ilikuwa imetawanywa vipande vipande. Baiolojia iligusa samaki na namna anavyopumua. Jiografia ikagusa mawimbi, fuo na miamba ya matumbawe. Na katika Kidato cha Nne, mada ya uvuvi ilifundishwa kwa kulinganisha Kenya na Japani. Kijana wa Faza au Shimoni aliweza kumaliza shule akiwa na uwezo wa kueleza kwa nini maji ya Japani yana samaki wengi, bila kuwahi kuulizwa kwa nini baba yake haendi baharini mwezi wa Julai.

Jibu la swali hilo ni sayansi kamili. Kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, bahari huchafuka, na vyombo vidogo vya ngarawa na mtumbwi hubaki ndani ya miamba. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta utulivu na maji yanayoonyesha hadi chini. Chini ya pepo hizo kuna mkondo wa maji wa pwani ya Afrika Mashariki unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya, kisha maji huelekea mashariki kwenye bahari kuu. Huko ndiko maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, na ndiyo sababu eneo la kaskazini mwa Malindi hadi Lamu lina samaki kuliko maeneo mengine ya pwani yetu. Nahodha mzee anayajua matokeo ya haya yote. Somo jipya linalenga kumpa mwanafunzi sababu zake pia.

Ifahamike vilevile kwamba somo hili halikuandikwa kwa ajili ya Pwani pekee. Sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa nchini hutoka katika maji ya bara, hasa Ziwa Victoria, na ufugaji wa samaki katika mabwawa umeenea katika kaunti zisizo na ufuo wowote. Shule ya Homa Bay, Busia au Turkana ina haki sawa ya kulifundisha. Hata hivyo makala haya yanakaa zaidi na bahari, kwa kuwa ndiko mazingira yanakotaka maandalizi ambayo shule zetu hazijayazoea.

Misitu, nyasi na matumbawe

Mazingira ya bahari ya Kenya yana nguzo tatu, na mwanafunzi anayezielewa pamoja na uhusiano wake amepata kiini cha elimu hii.

Ya kwanza ni mikoko. Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 unakadiria kwamba Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za misitu hiyo, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Aina zake ni 9, na wakazi wa pwani waliipa majina na matumizi tangu kale: mkoko wenyewe wenye mizizi ya matege, mkandaa uliotoa boriti za nyumba, muia, mchu unaostahimili chumvi nyingi upande wa nchi kavu, mlilana unaosimama mbele kabisa ukitazama mawimbi, mkomafi, msikundazi. Majina hayo si pambo. Ukiyataja kwa mpangilio kutoka baharini hadi nchi kavu umekwisha kueleza jinsi chumvi, tope na kina cha maji vinavyoamua mti gani uote wapi, na hilo ni somo la wiki mbili darasani.

Ya pili ni nyasi za baharini, ambazo pwani yetu ina aina 12. Hizi ndizo zinazodharauliwa kuliko zote, kwa sababu zikitupwa ufuoni na mawimbi hunuka na watalii huzilalamikia. Lakini tafi hula humo, changu wadogo hujificha humo, kasa wa kijani huchunga humo kama ng'ombe malishoni, na nguva, ambaye sasa ni nadra mno katika maji yetu, hategemei chakula kingine.

Ya tatu ni matumbawe. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za awali barani Afrika. Miaka 30 baadaye, mwaka 1998, joto la bahari lilipanda kwa sababu ya El Niño na matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapauka. Sehemu kubwa ya yale ya Kenya ikafa. Wanafunzi walioko Gredi ya 10 leo hawakuwa wamezaliwa. Hawana namna ya kujua kwamba mwamba wanaouona si ule ambao wajomba zao waliuona, isipokuwa mtu aliuhesabu na kuandika. Tunalijua pigo la 1998 kwa usahihi kwa sababu kulikuwa na watafiti waliokuwa wakirudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka.

Nguzo hizi hazisimami mbalimbali. Mikoko huzuia tope lisifike kwenye nyasi na matumbawe. Matumbawe huvunja mawimbi yasing'oe mikoko. Nyasi hulisha samaki wanaolala kwenye mwamba. Anayekata moja amezigusa mbili. Hili ni jambo ambalo mwalimu anaweza kulichora ubaoni kwa dakika 5, lakini mwanafunzi huliamini siku anapoliona.

Ratiba ya shule na ratiba ya maji

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndipo somo hili litakaposimama au kuanguka. Shule hupanga vipindi kwa siku na saa: Jumanne kipindi cha tatu na cha nne. Bahari haina Jumanne. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kipindi cha Jumanne kitakachokuta mwamba uko wazi wiki hii kitaukuta umefunikwa kabisa wiki ijayo.

Hata hivyo kuna habari njema ambayo wakuu wa shule za pwani wangefaa kuitumia. Nyakati za bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji ya Mombasa na maeneo jirani hujaa kiasi cha saa kumi na kupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano. Maana yake ni kwamba maji makavu kuliko yote ya mchana huangukia katikati ya asubuhi ya shule. Tofauti kati ya kujaa na kupwa katika bamvua kubwa hukaribia mita 4, na uwanda wote wa mwamba huwa wazi kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kwa upande mwingine, siku za maji mafu, wiki moja baadaye, maji hayapungui vya kutosha na safari huwa bure. Halmashauri ya Bandari huchapisha majedwali ya maji ya Kilindini kwa mwaka mzima kabla haujaanza. Mwalimu mwenye jedwali hilo mwezi wa Desemba anaweza kupanga siku zote za nje za mwaka unaofuata, akazipeleka kwa mkuu wa shule, na ratiba ikajengwa kuzizunguka. Jambo hilo halihitaji fedha bali uamuzi.

Misimu nayo ina ushauri wake. Muhula wa kwanza, kuanzia Januari, huangukia kwenye kaskazi, wakati bahari imetulia na maji ni maangavu. Tena bamvua za Machi ni miongoni mwa kubwa za mwaka. Huo ndio wakati wa mwamba na nyasi. Muhula wa pili uko ndani ya kusi, na ni busara kuutumia kwenye mikoko, kwenye mahori yaliyokingwa, kwenye soko la samaki na kwenye karakana ya kutengeneza vyombo. Bamvua kubwa hurudi Septemba, na muhula wa tatu unaweza kurejea mwambani kupima kilichobadilika. Shule inayofuata mpangilio huu hufundisha misimu bila hata kuitaja.

Darasa hufanya nini kwa saa moja na nusu? Kazi ya msingi ni kuhesabu, na vifaa vyake ni rahisi: kamba ya mita 50 iliyowekwa alama, fremu ya mraba ya nusu mita iliyoundwa kwa mabomba ya plastiki, penseli, na karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko usiopenya maji. Kamba hulazwa kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Kila baada ya mita 5 fremu huwekwa chini, na wanafunzi huandika ni sehemu gani ya mraba iliyofunikwa na nyasi, mchanga, mwani au tumbawe, na ni wanyama wangapi waliomo. Mwanafunzi mmoja huhesabu, mwingine huandika, wa tatu huhesabu tena bila kuambiwa jibu la kwanza. Hesabu zikitofautiana, ndipo somo lenyewe linapoanza.

Mfano mmoja unaonyesha uzito wa kazi hiyo. Katika miamba ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi huonekana wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, ambao kila mvuvi huogopa kuwakanyaga, wakiwa wengi mno. Tafiti za miaka mingi zilizoongozwa na Tim McClanahan katika pwani hii zilionyesha sababu: samaki wanaowala, hasa wa jamii ya kikande, wamevuliwa. Wanyama hao wa miiba wakikosa adui hukwangua mwamba na kuula, na tumbawe hushindwa kukua. Ndani ya mbuga za bahari, ambako kikande analindwa, wao ni wachache. Hitimisho hilo linalotajwa katika vitabu vya kimataifa limetokana na kuhesabu kitu ambacho kijana wa Gredi ya 10 mwenye fremu ya plastiki anaweza kukihesabu. Kwa eneo lililo ndani ya mbuga, shule sharti ipate kwanza idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na katika maeneo yanayosimamiwa na jamii ni vyema kuzungumza na kikundi cha usimamizi wa ufuo.

Hisabati inayolipa bili ya maji

Mzazi anaweza kuuliza, na ana haki, kwamba kuhesabu kaa na nyasi kutampeleka mtoto wapi. Jibu liko Gazi, Kaunti ya Kwale. Huko wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) pamoja na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland, walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Ulikuwa mradi wa kwanza wa kijamii wa aina hiyo duniani. Mapato yake yamesaidia kuleta maji vijijini na kununua vifaa vya shule, na mfano wake ukafuatwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Msingi wa biashara hiyo yote ni utepe wa kupimia. Mti hupimwa mzingo wake kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini; mzingo hugawanywa kwa 3.14 kupata kipenyo, kwa hiyo mti wenye mzingo wa sentimita 47 una kipenyo cha takriban sentimita 15. Kutokana na kipenyo, kwa kutumia mlinganyo uliokwisha kuthibitishwa kwa aina hiyo ya mti, hupatikana uzito wake na kaboni iliyomo. Mkoko wenye mizizi ya matege una kanuni yake: ikiwa mizizi imepanda juu ya kimo hicho, kipimo huchukuliwa sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Anayepima ovyo atauza hewa isiyokuwapo, na mnunuzi wa pili hatakuja. Sijapata kuona mfano bora zaidi wa kumjibu mwanafunzi anayeuliza Hisabati ina faida gani.

Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, ni mfano wa aina nyingine. Mwaka 2005 wavuvi wa huko, walipoona samaki wamepungua, walikubaliana kufunga sehemu ya ufuo wao wasivue humo kabisa. Hawakuamriwa na mtu. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo zilifuata mwaka 2007, na Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi mwaka 2016. Mwanafunzi wa somo hili anapaswa kujua kwamba juya la kukokota ufuoni na bunduki ya samaki vimepigwa marufuku, ajue pia sababu, na aelewe kwa nini mvuvi mwenye watoto wa kulisha bado hushawishika kulitoa juya usiku. Elimu ya mazingira isiyomsikiliza mvuvi huyo huishia kwenye mabango.

Nani atafundisha

Walimu wa Baiolojia na Jiografia wapo. Waliosomea bahari ni wachache, na wengi wao wameajiriwa kwingineko. Kwa muda fulani somo hili litabebwa na walimu wanaojifunza sambamba na wanafunzi wao, na hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Shule yenye busara itaazima ujuzi: mtafiti wa KMFRI aliyeko Mombasa, Gazi au Kisumu, ofisa wa uvuvi wa kaunti, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi au wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na, wa kwanza kwa ukaribu, mvuvi wa kijijini.

Mvuvi huyo asiitwe shuleni kwa heshima ya siku moja, akapigwa picha akarudi. Anajua ni mwezi gani pweza hupatikana wakubwa, madema yawekwe kwenye nyasi za aina gani, na mawingu yapi ya matlai yanamrudisha pwani. Hali kadhalika wanawake wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza na makombe wanaujua uwanda huo hatua kwa hatua, pengine kuliko wanaume wanaopita juu yake kwa chombo. Maarifa yao yaandikwe, yapimwe kama maarifa mengine yanavyopimwa, na pale yanapokosea yasemwe kwa adabu. Mzee mmoja anaweza kusema samaki wamekimbilia mbali. Fremu na kamba zinaweza kuonyesha kwamba hawajakimbia, wamekwisha.

Kuna suala la lugha hapa. Masomo ya STEM hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani utakuwa hivyo. Lakini karibu kila kitu kilichotajwa katika makala haya kina jina la Kiswahili lililo sahihi kuliko maelezo ya kitabuni: bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, hori, mlilana. Mwalimu atakayeanza na jina la nyumbani na kuliunganisha na jina la mtihani atawapata wanafunzi ambao wangelala.

Usalama kabla ya safari

Nchi nyingine zimetangulia katika njia hii. Baraza la mitihani la Cambridge hutahini Sayansi ya Bahari katika ngazi ya juu ya sekondari, jimbo la Queensland nchini Australia lina somo kama hilo, na Japani ina shule za sekondari za uvuvi zenye meli zao za mafunzo. Ni huko Japani pia ambako funzo chungu lilipatikana. Tarehe 9 Februari 2001 meli ya mafunzo ya Ehime Maru, ya shule ya uvuvi ya Uwajima, iligongwa na nyambizi ya jeshi la Marekani iliyoibuka chini yake karibu na Hawaii. Watu 9 walifariki, 4 kati yao wakiwa wanafunzi. Ajali hiyo haikutokana na uzembe wa shule. Lakini inakumbusha kwamba mwanafunzi aliye majini yuko mahali ambapo mambo hubadilika ghafla.

Kwa shule zetu hatari ni za kawaida zaidi. Maji yanayorudi baada ya kupwa hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya mtu, na darasa lililozama katika kuhesabu linaweza kujikuta limetengwa na nchi kavu. Kwa hiyo safari hupangwa kuanza maji yakiwa bado yanatoka, na wote huwa wamerudi kabla hayajaanza kujaa kwa nguvu. Viatu vigumu ni lazima. Akiingia chomboni, kila mtu huvaa jaketi la kujiokolea kabla nanga haijang'olewa, pamoja na mwalimu na nahodha. Na kuogelea kufundishwe. Inashangaza ni vijana wangapi, hasa wasichana, waliokulia hatua chache kutoka ufuoni wasiojua kuogelea. Somo hili ni sababu ya kutosha ya kulirekebisha hilo, kwa mavazi na mpangilio ambao wazazi wataukubali.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

Turejee kwenye zile nafasi mbili. Cheti cha Sekondari ya Juu hakimfanyi mtu kuwa baharia wala mtafiti. Ubaharia una vyeti vyake vya kimataifa, vinavyopatikana katika vyuo kama Bandari Maritime Academy mjini Mombasa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Anayelenga shahada ya baiolojia ya bahari atahitaji msingi wa Baiolojia, na Kemia itamfaa sana. Anayelenga mitambo ya vyombo atafaidika zaidi na Fizikia. Somo la bahari likichaguliwa pamoja na masomo yasiyoliunga mkono, mwanafunzi anaweza kujikuta anapenda jambo ambalo chuo hakitamruhusu kuliendeleza. Ni muhimu mzazi aangalie masharti ya kujiunga na kozi anayoiwazia mtoto wake kabla ya kutia saini chaguo lolote.

Pili, si kila shule inayotoa mkondo wa STEM itafundisha somo hili. Hilo hutegemea walimu na vifaa vilivyopo. Mzazi aulize shule moja kwa moja, na asitosheke na jibu kwamba somo lipo katika orodha. Aulize ni mwalimu gani anayelifundisha na amesomea nini. Aulize darasa lilikwenda nje mara ngapi muhula uliopita, na kama kuna daftari la matokeo ya safari hizo. Aulize wanafunzi hufika majini kwa chombo cha nani, na kama jaketi zinatosha wote. Kisha aombe kuonyeshwa ratiba. Shule inayolifundisha somo hili kwa dhati itakuwa na jedwali la maji la mwaka huu ukutani, likiwa na siku za bamvua zilizozungushiwa kalamu.